Majina Ambayo Hayakusomwa

Durban, 14 Februari 1999

Mjomba Anaclet mpenzi,

Naapa kwamba katika barua hii nitakueleza kila kitu, bila kuruka na bila kupamba, kama ulivyotufundisha kwenye insha. Ukiona pamerukwa, ujue ni posta.

Shikamoo, kama wanavyosema huko Tanzania uliko. Sisi ni wazima. Mama anakusalimu sana. Anasuka nywele saluni siku sita kwa juma, na siku ya saba anasuka zangu, kwa sababu anasema mikono yake imesahau kupumzika. Bado tunakaa Overport, ghorofa ya tatu, chumba kimoja chenye dirisha linalotazama dirisha la jirani. Jirani hana pazia. Tunajua anachokula kila siku, na tunamwombea. Tunakuombea na wewe huko kwenye kambi ya wakimbizi, usikose unga wala chaki.

Sasa habari yenyewe. Nimekuwa mwalimu. Maliza kucheka, nitakungoja.

Kanisani kwetu wako watoto tisa, Wakongo na Warundi, ambao shule zimewakataa kwa kuwa hawajui Kiingereza. Mkuu wa shule moja ya msingi amemwambia mchungaji hivi: mwezi wa Novemba atakaa na kila mtoto peke yake. Atakayemsomea ukurasa mmoja bila kusaidiwa atapata nafasi mwezi wa Januari. Asiyeweza abaki nyumbani mwaka mwingine. Basi baraza la kanisa likakaa kutafuta mwalimu. Baraza lina wazee saba, wote wamesoma sana, na kama hujui watakwambia. Mzee Gustave, mkuu wao, ana diploma mbili za Bukavu na huzitaja hata katika sala. Kwa bahati mbaya wote saba wana shughuli kila Jumamosi mpaka Yesu arudi. Ndipo wakakumbuka kwamba mtoto wa Maman Marie-Jeanne, yaani mimi, alipata zawadi ya Kiingereza shuleni. Nina miaka kumi na mitano na sina diploma hata moja, kwa hiyo nilifaa kabisa.

Wamenipa chumba cha nyuma, pale zinapowekwa spika za kwaya. Jumamosi ya kwanza walikuja tisa. Ya pili, saba. Jana walikuwa watano, na mmoja alilala juu ya spika. Nimefanya yote uliyotufanyia Uvira: wanasimama nikiingia, wanasalimu kwa sauti moja, wanarudia kila sentensi mara tatu. Wanarudia vizuri sana. Nikikohoa, wanarudia kikohozi.

Ninayemhofia zaidi ni Sonia, Mrundi anayekaa mtaa wa Cato Manor. Ana miaka kumi na miwili, ni mrefu kunipita, na kwa sababu ya vita hajamaliza hata mwaka mmoja wa shule. Hukaa karibu na mlango, begi likiwa mgongoni, kama abiria.

Shuleni kwangu mimi, ukijibu vizuri, mwalimu anakubandikia kwenye daftari stika ya dubu anayecheka. Juzi nilieleza sababu za vita vya kwanza vya dunia nikapewa dubu. Sijui watu waliokufa wangeonaje. Nakiri nimemtunza.

Mjomba, sisi tulikuwa sitini na wawili chini ya bati lile, saa nane mchana, na hatukulala. Ulifanyaje?

Mpwa wako,
Huguette


Kambini, Kigoma, 3 Aprili 1999

Mwalimu Huguette,

Amani kwako, kwa dada yangu na kwa jirani yenu. Barua yako imefika ikiwa imefunguliwa na kufungwa tena, kwa hiyo sasa hata watu wa posta wanajua kwamba hana pazia. Mimi ni mzima, goti ni lile lile. Mvua imenyesha na hema limevuja, na padri ametuhimiza tushukuru kwa yote mawili.

Hongera kwa dubu. Nimefundisha miaka kumi na tisa na serikali ya Zaire haikunipa hata sisimizi. Wakati mwingine haikunipa hata mshahara, lakini hiyo ilikuwa njia yao ya kututia hamasa.

Unauliza nilifanyaje. Unajua nilifanyaje. Proclamation. Mwisho wa mwezi waite wazazi wote, waje wamevaa vizuri. Simama mbele na karatasi. Soma majina kuanzia wa kwanza, pole pole, waliofaulu tu. Aliyeshindwa usimtukane. Usimtaje kabisa. Ukimaliza orodha, kunja karatasi, kaa. Atakuwa amesikia. Umesahau jinsi ulivyosoma Juni nzima kwa sababu binti wa mkaguzi alikuwa nyuma yako kwa pointi mbili? Hakuna mnyama aliyecheka ukasoma vile.

Huyo Sonia wako na begi lake atalivua siku atakapotamani jina lake lisomwe.

Kuhusu darasa langu hukuuliza. Ungeuliza, ningekujibu kwamba ni tulivu mno.

Mwambie dada asikukaze nywele sana, unazihitaji akili.

Mjomba wako,
Anaclet


Durban, 30 Mei 1999

Mjomba mpenzi,

Salamu nyingi. Mama ni mzima ila mabega yanamsumbua. Jirani amenunua pazia, tumebaki bila habari za dunia.

Nimefanya proclamation. Ilikuwa nzuri kama harusi. Wazazi walikuja na suti, na akina mama na vitenge ambavyo tangu Kongo havikuwa vimetoka kwenye sanduku. Mzee Gustave alikaa kiti cha mbele na kalamu mbili mfukoni, moja kwa kila diploma. Nilikuwa nimewaita watoto wote tisa, hata walioacha kuja, na wote walirudi kwa ajili ya siku ile. Mama yake Sonia, Immaculée, aliacha meza yake ya vitana pale soko la Warwick siku ya Jumamosi, siku ya wateja wengi. Alimvalisha Sonia gauni jipya la njano.

Nilisoma majina sita, pole pole, kama ulivyosema. Nikakunja karatasi. Nikakaa.

Mama Sonia akainua mkono. "Mwalimu, iko mmoja umeruka."

Nikaikunja karatasi tena. Hukunieleza nijibu nini.

"Tazama vizuri kwa karatasi," akasema, na alikuwa anacheka, Mjomba, kicheko kizuri cha kunisaidia. "Sonia. Iko pale. Labda imejificha chini."

Sonia akamvuta kitenge. "Mama, kaa. Hajaruka."

Mzee Gustave akapiga makofi. "Très bien! Hiyo ndiyo discipline! Kwetu ilikuwa vile vile!"

Basi nikupe matokeo. Njia yako imefaulu kabisa. Jumamosi iliyofuata walikuja watatu, na hao watatu hawalali tena. Wanakaa wima na macho wameyatoa, kama wanaongoja sindano. Wale watatu ambao sikuwasoma hawakuja, na watatu niliowasoma hawakuja pia, kwa sababu mwisho wa mwezi ungerudi. Sonia sasa anabeba katoni sokoni pamoja na mama yake. Novemba iko karibu. Nikiendelea kuwatia hamasa hivi, mkuu wa shule hatakuwa na mtu wa kumsikiliza, atapumzika.

Nina jambo linanisumbua. Nilikuwa wa kwanza kwako miaka miwili. Namkumbuka wa pili, namkumbuka wa tatu. Nimejaribu kuwakumbuka wale ambao hukuwasoma. Walikuwa wengi kuliko sisi. Sipati jina hata moja. Walikwenda wapi, Mjomba?

Jana nilikutana Warwick na Jacques, kijana wa jirani zetu wa Uvira, aliyetoka huko kambini mwezi wa Machi. Anauza mikanda karibu na stendi ya taxi. Anakusalimu. Aliniambia mengine juu yako, lakini ukurasa unaisha.

Huguette


Kambini, Kigoma, 8 Agosti 1999

Huguette,

Salamu kwako na kwa mabega ya dada.

Ukurasa wako uliisha ukiwa na nafasi ya vidole vinne hapo chini. Nimepima.

Basi nikusaidie kuijaza. Jacques alikwambia kwamba mjomba wako anauza sabuni. Ni kweli. Nina meza, nina mwavuli usio na kitambaa, nina wateja ambao hunusa kipande kimoja kimoja kisha huondoka. Sijashika chaki tangu Agosti ya mwaka jana.

Unataka kujua walikwenda wapi. Uvira sijui, sikuwahi kuuliza. Hapa najua, kwa sababu kambini hakuna pa kwenda. Nilikuwa na watoto themanini na wanne chini ya turubai. Mwisho wa mwaka nikafanya proclamation, wazazi wakatoka kila upande wa kambi, na mimi nikavaa tai. Nilisoma majina kumi na tisa. Darasa lilipofunguliwa tena walikuja kumi na tisa. Sitini na watano nimewafukuza kwa mdomo wangu, na kwa matamshi safi. Kila mtu alinisifu sauti.

Utauliza kwa nini basi nilikupa shauri lile lile. Nilitaka lifaulu mahali pengine. Durban, Amerika, mwezini, popote. Likifaulu kwako, kosa lilikuwa la watoto wa hapa na si langu. Sasa umejua mjomba wako ni mtu wa namna gani, na umelipia stempu ili ujue.

Kuna msichana anaitwa Valérie, mmoja wa wale sitini na watano. Kwangu alikuwa hajui kusoma, nina hakika, nilimpa sifuri mimi mwenyewe. Sasa kila siku anasimama mbele ya meza yangu, kwa kuwa bibi wanamletea makopo ya msaada yaliyoandikwa Kiingereza, naye anawasomea: hiki ni mafuta, hiki usile kimepitwa na tarehe. Akikosea, bibi ataharisha, kwa hiyo hakosei. Ananifukuzia wateja. Nimemwambia ahame. Amenijibu, "Mwalimu, sabuni yako haina maandishi, ndiyo maana hainunuliwi." Ndiyo heshima ninayopata.

Usiniombe shauri tena. Muulize dubu.

Anaclet


Durban, 10 Oktoba 1999

Mjomba mpenzi,

U mzima? Sisi tupo. Mama alisoma barua yako mara mbili, akasema, "Anaclet tangu utoto anapenda kujichapa mwenyewe ili mtu mwingine asimwahi," kisha akaendelea kupika. Mimi sina la kuongeza.

Dubu hakujibu. Nikaenda Warwick kwa Mama Sonia.

"Oh, mwalimu wa waliofaulu," akasema. "Karibu. Utanunua kitana ama utanipa maksi?"

"Mama Sonia, nimekuja kuomba msamaha."

"Mimi unaniomba ya nini? Mwenye gauni ya njano iko kule, anabeba katoni."

Sonia alikuja na katoni kichwani, hakunitazama. Mezani, chini ya jiwe, kulikuwa na karatasi ya Kiingereza ambayo kila mwuza kitu kwenye njia ile alikuwa amegawiwa. Mama Sonia akanisukumia. "Basi soma hiyo, kama Kiingereza yako iko ya kweli."

Nilikuwa nimeshaanza kuisoma nikamkumbuka Valérie wako. Nikampa Sonia. Aliniangalia kama nimemtukana mara ya pili. Lakini mama yake alikuwa amesimama pale anangoja, Mjomba, na alikuwa anataka kujua kweli. Tulikaa kwenye katoni saa nzima. Sonia akaenda neno kwa neno, akitoa jasho, akinikataza kusaidia, mpaka akaipata: Jumatano alfajiri njia itaoshwa kwa mpira wa maji, kila mtu aondoe vitu vyake kabla ya saa kumi na moja. Mama Sonia alimwuliza mara tatu kama ana hakika. Jumatano vitana vya wenzake viliogelea. Vya kwake vilikuwa nyumbani, vikavu. Jumamosi Sonia alikuwa wa kwanza darasani, na nyuma yake wauza vitana wawili walileta watoto wao.

Basi sasa haturudii sentensi. Kila mtoto analeta karatasi ambayo nyumbani kwao hakuna anayeielewa: kadi ya kliniki, tangazo la mwenye nyumba, maelezo ya dawa ya mende. Anaisoma mpaka aielewe, kisha jioni anawaeleza wazazi. Wamefika kumi na mmoja na siwezi kuwatoa chumbani wakati wa kwaya.

Ila kulitokea jambo. Grâce, binti wa Mzee Gustave, miaka tisa, alileta bahasha aliyoikuta juu ya friji. Wazazi kadhaa walikuwa wamekaa nyuma wakisikiliza. Grâce akasimama akasoma kwa sauti nzuri sana, akatafsiri mwenyewe: "Mpendwa Bwana Gustave, hujahudhuria darasa la Kiingereza la wanaoanza kwa majuma manne. Tunajua mwanzo ni mgumu. Tafadhali usikate tamaa."

Mjomba, hakuna aliyecheka. Walitoka nje kwanza.

Jumapili Mzee Gustave alitangaza kwamba mtoto hasomi siri za mkubwa, na kwamba kwaya inahitaji chumba. Akachukua ufunguo. Kabla ya mtihani wa Novemba haikubaki hata miezi miwili.

Nililia, nakiri. Lakini Mama ndiye anayesuka wake wa wazee wanne kati ya saba, na mkutano mkubwa wa makanisa ulikuwa juma lile lile. Ghafla Mama akawa na kazi nyingi. Maman Gustave alikuja Jumatatu, hakuna nafasi. Jumatano, hakuna nafasi. "Niko naumwa mabega, ma soeur," Mama akamwambia. "Yanaumwa tangu Jumapili." Ijumaa asubuhi ufunguo uliletwa mpaka mlangoni kwetu, na mchana kichwa cha Maman Gustave kilikuwa tayari. Tumekubaliana barua za Mzee Gustave zibaki juu ya friji.

Valérie bado anasimama mbele ya meza yako?

Huguette


Durban, 5 Desemba 1999

Mjomba mpenzi,

Hujajibu barua ya Oktoba. Nasema ni posta, kama nilivyokuahidi tangu mwanzo. Mama anasema si posta. Sisi ni wazima. Kuna joto la kuyeyusha lami, na saluni imejaa watu wa Krismasi.

Mtihani umefanyika. Mkuu wa shule alikaa na watoto kumi na mmoja, mmoja mmoja, ukurasa kwa ukurasa. Ijumaa ameniletea bahasha kumi na moja zilizofungwa, kila moja na jina, na karatasi moja yangu yenye matokeo yote. Alinibandikia dubu kwenye kona ya karatasi yangu. Wanawapata wapi?

Mzee Gustave alifurahi, akataka proclamation kubwa Jumapili baada ya ibada, na yeye mwenyewe asome. Nikamwambia matokeo yameandikwa kwa Kiingereza. Akasema basi haina haraka.

Nilizipeleka bahasha nyumba kwa nyumba jana, kwa miguu na kwa taxi. Wawili hawakupata nafasi. Nilianza na hao. Nilikaa kwa kila mmoja mpaka chai ikapoa, na nimewaandika kwenye daftari langu, jina na baba na mtaa, nisije nikasahau. Wamesema watakuja Jumamosi. Mmoja ameuliza kama anaweza kuleta karatasi ya baiskeli ya kaka yake. Nitawahesabu kuwa wamekuja siku watakapokuja.

Kwa Sonia nilifika mwisho. Mama Sonia alikuwa anafua. Alikausha mikono, akaitazama bahasha, hakuigusa. Akamwambia binti yake, "Yako ni yako. Soma."

Sonia akaifungua. Mimi nilijua kilichoandikwa. Nilitazama sufuria.

Akasoma kwa Kiingereza mpaka mwisho, hakuharakisha. Kisha akatafsiri. "Wanasema nimesoma ukurasa wote. Wanasema nasoma pole pole lakini naelewa. Wanasema nafasi iko." Angeweza kuishia pale, Mjomba. Mama yake asingejua, na mimi nisingefungua mdomo. "Wanasema nitaanza gredi ya tatu."

"Gredi ya tatu iko ya watoto wa miaka ngapi?"

"Minane," akasema Sonia. "Mimi nitakuwa na kumi na mitatu."

Mama Sonia akarudi kwenye beseni, akakamua shati ambalo lilikuwa limekwisha kukamuliwa. Mwishowe akauliza, "Utaenda?"

"Nitaenda."

Sonia alinisindikiza mpaka kituoni. Njiani hakusema neno juu ya wale wadogo wala juu ya kuchekwa, na mimi nilikuwa nimeandaa hotuba nzima ya kumtia moyo, nzuri sana, nimebaki nayo. Alikuwa anafikiria jambo lingine. Amekwisha kwenda kuchungulia darasa lile dirishani. Madawati ni mafupi, ubao uko chini, watoto ni arobaini. Akiketi mbele, atawaziba wote walio nyuma yake. Akiketi nyuma, hatamsikia mwalimu vizuri, maana Kiingereza bado kinampita haraka. Pembeni kuna dirisha na barabara. Akaniuliza achague wapi.

Nimewahi kuwa mtoto wa dawati la mbele tu. Nikamwambia namfahamu mwalimu aliyekuwa na watoto themanini na wanne wa kila kimo chini ya turubai moja, na kwamba nitamwandikia usiku huu huu. Akauliza kama bado anafundisha. Nikasema taxi imefika.

Shule inafunguliwa katikati ya Januari na posta yako unaijua, kwa hiyo usingoje padri akuhimize wala mvua ikatike. Jibu siku utakayoipokea hii. Sonia akae wapi?

Mpwa wako,
Huguette